Kabla ya Jeki Kulikuwa na Gadi

Anayetaka kubadili tairi la gari, au la ndege ndogo iliyoundwa kwa mkono, huanza na jeki. Hutafuta mahali penye nguvu pa kuinulia, huzuia chombo kisisogee, kisha huweka nguzo ya kukishikilia kabla mtu hajaingia chini. Masharti haya si mageni kwetu. Mabaharia wa Maskati, Unguja na Lamu waliyafuata zamani bila jeki, kwani chombo chao kiliinuliwa na bahari yenyewe.

Tuanzie Bandari ya Sultan Qaboos, Matrah. Tarehe 16 Februari 2010 ilitoka hapo Jewel of Muscat, merikebu ya matanga yenye urefu wa mita 18, ikafika Singapore tarehe 3 Julai. Iliundwa Qantab, si mbali na bandari hiyo, na mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kama mitepe ya Lamu. Chombo cha namna hiyo hudumu kwa kutunzwa tumbo lake, ambalo siku zote limo majini. Basi mtu alilifikiaje pasipo chelezo wala mashine?

Jibu lilikuwa bamvua. Maji yakijaa, nahodha alikisogeza chombo kwenye mchanga ulio sawa. Maji yakipwa, chombo kilikalia mkuku wake. Hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwa sababu chombo kilichopwelewa hulala ubavu. Kwa hiyo mabaharia walikigadimu: walisimamisha magadi, yaani miti ya kuegemeza, pande zote mbili, mapema kabla maji hayajakauka. Gadi iliegemezwa penye taruma, si kwenye ubao mtupu, ambao ungeweza kupasuka au kuachana na mwenziwe.

Ndipo kazi ilipoanza. Walikwangua viumbe vilivyoganda, wakakalafati penye nyufa, kisha wakapaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kuzuia wadudu watoboao mbao. Yote hayo yalitakiwa kwisha kabla maji hayajarudi. Siku nayo ilichaguliwa kwa hesabu: aliyepweleza chombo siku ya mwisho ya bamvua aliweza kungoja karibu wiki mbili ndipo apate maji ya kukielesha tena.

Ufundi huu uliunganisha pwani mbili. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Oman yalitunzwa Afrika Mashariki yakingojea kusi. Mwambao wetu ukapata pia maneno: deheni, kwa mfano, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mafuta.

Mwaka 2014 shughuli za mizigo za bandari hiyo zilihamishiwa Sohar, na Matrah ikaelekezwa kwenye utalii. Merikebu zinaweza kuundwa upya, kama tulivyoona. Maneno ni shida zaidi. Mwanafunzi wa leo akisikia "magadi" hukumbuka yale ya kupikia, au ziwa la Kenya. Maana ya baharini imebaki katika kamusi na vinywani mwa wazee wachache. Sisi wanachama tunaotoka mwambao tunao wazee hao majumbani. Tuwaulize likizo hii, tuandike majibu yao, wangali nasi.