Wazee Wakati wa Kafyu: Kenya, 2020–2021

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Kabla ya mwezi kwisha, shule, misikiti na makanisa yalikuwa yamefungwa, na kuanzia tarehe 27 kafyu ikawekwa nchi nzima, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mapema Aprili zikafungwa njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, kisha Mombasa, Kwale na Kilifi. Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, aliwasihi watu wa mjini wasikimbilie mashambani wakawapelekea wazazi wao ugonjwa.

Ombi hilo lilikuwa na msingi. Korona iliwaua wazee kuliko vijana, hasa wenye kisukari na presha. Hata hivyo, barabara iliyofungwa ili virusi visimfikie mzee ndiyo iliyokuwa ikimfikishia riziki, dawa na watu wake, na hasara hiyo haikuwa na safu yake katika takwimu ambazo Wizara ilizisoma kila siku.

Wazee wengi wa Kenya hawaishi katika nyumba za kulelea wazee. Wako kwao, pamoja na jamaa au jirani nao, na matunzo yao hayana ofisi wala daftari. Ni mtoto wa mjini anayetuma pesa, binti anayekuja mwisho wa mwezi na vidonge vya presha, mpwa anayemshika mkono mjomba hadi kliniki. Malori ya vyakula na bidhaa yaliruhusiwa kuvuka mipaka ya kaunti; binti huyo hakuruhusiwa. Kwale na Kilifi zilifunguliwa mapema Juni, lakini Nairobi na Mombasa zikangoja hadi 7 Julai. Hata ndani ya kaunti moja safari ilikuwa nzito: matatu ya abiria 14 ilitakiwa kubeba wanane tu, nauli ikapanda, na anayehudhuria kliniki kila mwezi akaanza kuruka miezi.

Pesa nazo zilipungua kule zilikoanzia. Hoteli za Pwani zilipofungwa, mpishi na mhudumu walirudi nyumbani mikono mitupu, na mama zao waliokuwa wakitumiwa kidogo kila wiki wakakosa. Ada ya M-Pesa iliondolewa kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000, nafuu ya kweli kwa aliyekuwa bado na cha kutuma. Upande wa Serikali ulikuwapo mpango wa Inua Jamii, ambao tangu 2018 ulimpa mzee aliyesajiliwa, wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwishoni mwa Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shilingi bilioni 10 zaidi kwa wazee, yatima na wanyonge wengine. Ila mwenye miaka 65 hakuwa na nafasi katika malipo hayo ya wazee. Yeye alimtegemea mtoto, na mtoto hana kazi.

Mji wa Kale, Mombasa, ulipata amri juu ya amri. Tarehe 6 Mei 2020 ulizingirwa, watu wasiingie wala wasitoke, na masoko na mikahawa yake ikafungwa. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Tarawehe zilikuwa zimekwisha kuhamia majumbani, na Idi ya tarehe 24 Mei ikaswaliwa majumbani vilevile. Kwa wazee wa pale pigo kubwa lilikuwa baraza. Jioni hukaa kwenye viti vya mawe nje ya milango, dhumna au karata katikati, muuza kahawa akipita na dele lake na vikombe vidogo vinavyosuuzwa katika ndoo moja na kupokezanwa. Ni kweli kwamba kikombe hicho kingeweza kusambaza ugonjwa. Lakini barazani ndipo inapojulikana nani amelazwa, nani hajaonekana tangu juzi, na mtu akatumwa kubisha mlango. Baraza lilipofungwa, mjane wa ghorofani alibaki bila wa kumuulizia, na sijaona amri yoyote iliyompa mbadala.

Makanisa na misikiti ilifunguliwa Julai kwa masharti: waumini wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliyezidi 58. Katiba ya 2010 humhesabu mzee kuanzia miaka 60, na ibara yake ya 57 inampa haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Mzee wa kanisa aliyeongoza ibada miaka nenda rudi akaambiwa abaki nyumbani, vijana wakaingia. Mazishi nayo yaliwekewa kikomo cha watu 15. Kwa Waislamu wa Pwani, ambako jeneza hupokezanwa bega kwa bega na umati hadi makaburini, wazee wenza wa marehemu walilazimika kumuaga mwenzao wakiwa majumbani.

Kazi ya ulezi, kwa upande wake, iliwaongezekea wazee. Shule zilifungwa hadi Januari 2021, isipokuwa madarasa machache yaliyorudi Oktoba, na wazazi wengi walipeleka watoto kwa bibi. Nyumba ikapata sauti na mikono ya kuchota maji, na vinywa zaidi kwenye sufuria ileile.

Tarehe 26 Machi 2021 Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilifungwa tena. Mwishoni mwa mwezi huohuo chanjo ikafunguliwa kwa waliofikisha miaka 58, umri uleule uliokuwa umewazuia mlangoni mwa msikiti na kanisa. Safari hii waliwekwa mbele, lakini mzee wa Nakuru ambaye mwanawe alikuwa Kisumu ilimbidi atafute mwingine wa kumfikisha kituoni. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.