Évolué: Kivumishi Kilichotolewa kwa Kadi

Kuna vivumishi vya Kifaransa ambavyo unajifunza kwa dakika mbili. Grand ni kubwa, petit ni dogo, rouge ni nyekundu, umemaliza. Halafu kuna évolué. Hiki ukikisoma kwa kamusi peke yake utadhani umekielewa, kumbe umeshika mkia tu. Watu wengi wanaojifunza Kifaransa hapa Kenya hawaambiwi historia yake, na historia yenyewe ilitokea hapa tu kwa jirani, Kongo, tena sehemu inayozungumza Kiswahili.

Tuanze na sarufi, haichukui muda. Évolué limetoka kwa kitenzi évoluer, yaani kubadilika hatua kwa hatua. Ukieleza kitu cha kiume ni évolué, cha kike évoluée, wengi wa kiume évolués, wengi wa kike évoluées. Maandishi manne, sauti moja. Kinakaa baada ya nomino: un pays évolué, nchi iliyoendelea. Hata watu wa kompyuta wanacho: un langage évolué ni lugha ya programu iliyo karibu na lugha ya binadamu, mbali na namba za mashine.

Sasa sikiza tofauti hii. Mfaransa akisema il a évolué, anasema huyo mtu amebadilika. Yeye mwenyewe ametenda, ana safari yake. Lakini akisema il est évolué, hiyo si habari ya safari tena. Ni hukumu. Kuna mtu mahali fulani amemwangalia akasema, sawa, huyu amefika. Swali ambalo kamusi haikuulizi ni hili: amefika wapi, na nani anashika mlango?

Kongo ya Wabelgiji ilijibu swali hilo kwa makaratasi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na kundi la Waafrika waliosoma shule za misheni: makarani, wasaidizi wa madaktari, walimu. Kivumishi kikawa nomino, wakaitwa les évolués. Wengi wao walilipenda jina hilo, tusidanganyane. Mwaka 1944, huko Luluabourg, kundi lao liliandikia serikali likiomba litambuliwe kuwa tofauti na watu wa kawaida. Mwaka 1945 wakapata jarida lao, La Voix du Congolais, ambalo mhariri wake alikuwa Antoine-Roger Bolamba. Walikuwa wanaomba heshima, na mlango pekee uliokuwa wazi ulikuwa na neno hilo juu yake.

Serikali ikaleta kadi. Mwaka 1948 ilikuja carte du mérite civique, kadi ya raia mwenye sifa njema. Ulitakiwa ujue kusoma, kuandika na kuhesabu, usiwe na rekodi ya makosa, usiwe na wake wawili. Mwaka 1952 ikaja ya juu zaidi, kadi ya immatriculation, ambayo ilipaswa kukuweka chini ya sheria moja na Mzungu. Ili kuipata hii, maafisa walikuja mpaka nyumbani. Waliangalia nyumba imepangwa vipi, mnakula mezani kwa kisu na uma ama vipi, unaishi vipi na mke wako. Yaani kivumishi kilikuwa na wakaguzi wake!

Na hapo ndipo ile évoluée ya kike inaonyesha ukweli wake. Wasichana wa Kongo walinyimwa masomo ya juu kwa miaka mingi. Elimu nyingi waliyopewa ilikuwa ya kushona, kupika na kutunza nyumba. Lakini mume akiomba kadi, mke anakaguliwa pia. Kwa sarufi neno lilikuwa na umbo la kike. Kwa maisha, mwanamke alikuwa sehemu ya mtihani wa mwanaume.

Walifika wangapi? Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, kadi ya 1948 ilikuwa imepewa watu wasiofika 2,000. Ile ya 1952, watu mia mbili na kitu. Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 13. Na hao wachache, wakitoka nje na kadi mfukoni, bado walikuta mshahara wa Mzungu ni mwingine, mtaa wake ni mwingine. Wenzao waliwaita kwa Kilingala mundele ndombe, Mzungu mweusi. Huku hawakukubaliwa, na kule walichekwa.

Mmoja wao alikuwa karani wa posta mjini Stanleyville, siku hizi Kisangani. Alizungumza Kitetela, Kifaransa, Kilingala na Kiswahili. Aliongoza chama cha évolués mjini humo, na mwaka 1954 akapata kadi ya immatriculation. Jina lake Patrice Lumumba. Mswada alioandika mwaka 1956 unaweza kukushangaza: ni wa mtu mpole, anayeamini kwamba Mbelgiji akielezwa vizuri atasikia. Miaka miwili baadaye, Desemba 1958, alikuwa Accra kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote ulioongozwa na Tom Mboya wetu. Aliporudi hakuwa anaomba kadi tena, alikuwa anadai nchi. Na tarehe 30 Juni 1960, mbele ya Mfalme Baudouin, kati ya machungu aliyoyataja kulikuwa na jambo dogo la sarufi: kwamba Mwafrika aliitwa tu, si kwa urafiki, bali kwa sababu vous ya heshima iliwekewa Wazungu peke yao. Mtu aliyepitia mtihani wa kivumishi hakusahau kiwakilishi. Miezi saba haikuisha kabla hajauawa Katanga, Januari 1961.

Sasa, kabla tuwacheke Wabelgiji, turudi kwa hiyo hiyo Kisangani, nyuma kidogo. Mwaka 1887, Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, alifanywa liwali wa sehemu hiyo, ikiitwa Stanley Falls. Watu waliofuata misafara ya pwani walijiita waungwana, na ndiyo maana Kiswahili cha huko kiliitwa Kingwana. Wabelgiji walipokuja waliwapa vizazi vyao kivumishi kingine cha Kifaransa: arabisés, waliofanywa Waarabu. Ona, mji mmoja, vivumishi viwili vyenye umbo lile lile: arabisé na évolué. Vyote viwili vinasema huyu alikuwa kitu fulani, sasa amesogezwa akawa kama fulani.

Na sisi tuna chetu. Mstaarabu. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya mwanzo ni kuwa kama Mwarabu. Zamani pwani, mtu mwenye adabu za mji alisifiwa kwa uungwana. Katika karne ya 19, wakati masultani wa Oman walikuwa wametia nanga Zanzibar, ndipo ustaarabu ulipopanda na kuupita uungwana. Leo tunalitumia kila siku, "hebu kuwa mstaarabu kidogo," na hakuna anayefikiria Mwarabu. Hiyo ni sawa, maneno husahau yalikotoka. Lakini muundo wake ni ule ule wa évolué: wema wako unapimwa kwa jinsi ulivyomkaribia mtu mwingine.

Halafu kuna "nchi zilizoendelea" na "nchi zinazoendelea." Angalia nyakati hizo mbili. Wao ni -li-, walimaliza kitambo. Sisi ni -na-, tunaendelea, tumekuwa tukiendelea tangu babu zangu wakiwa shule, na hakuna anayetuambia mwisho wa safari uko wapi. Ni Luluabourg 1944 tena: tunaandika barua tukiomba kuhamishwa kutoka kwa wakati mmoja wa kitenzi kwenda mwingine. Na mtaani tunapimana hivyo hivyo. Mtu akila ugali kwa mkono hotelini anaangaliwa vibaya. Akiongea Kiingereza chenye lafudhi ya kwao, ni mshamba. Wakaguzi wa kisu na uma walienda kwao, lakini kazi yao tumeichukua sisi, tena bila mshahara.

Sisemi tuache kujifunza Kifaransa. Mimi nasema jifunzeni zaidi. Ukikutana na kivumishi kinachomsifu mtu, usiulize tu kinatamkwaje na kinakaa upande gani wa nomino. Uliza nani alikuwa na mamlaka ya kukitoa, nani alikipimwa nacho, na aliyekikosa alifanywa nini. Maswali hayo yanafaa kwa évolué, yanafaa kwa mstaarabu, na yanafaa kwa mshamba.

Ushauri wangu wa matumizi ni mfupi. Évolué kwa lugha ya kompyuta, tumia bila wasiwasi. Kwa wazo ama mfumo, sawa. Kwa binadamu, hasa ukiwa Lubumbashi, Bukavu ama Kisangani, fikiria mara mbili, maana kuna wazee huko ambao baba zao walikaguliwa mpaka sebuleni kwa sababu ya neno hilo. Ukitaka kumsifu mtu, Kifaransa kina il a évolué. Inampa safari yake mwenyewe. Na kwa Kiswahili, mimi narudi kwa muungwana. Sitasema ni neno safi kabisa, maana pwani lilimtenga mtumwa. Lakini leo, ukimwita mtu muungwana, unazungumzia alivyokutendea, hujali amefanana na nani.

Wewe kwenu mnatumia neno gani, na lilitoka wapi? Niandikie hapo chini.