Sala na Daftari: Wavuvi wa Nova Scotia na Mapadri Wao

Mnamo tarehe 1 Julai mwaka 1927, nchi ya Kanada iliposherehekea kutimia kwa miaka 60 tangu majimbo yake kuungana, bendera zikapandishwa na hotuba za kujisifu zikatolewa mashariki na magharibi, wavuvi wa Canso, bandari ndogo iliyo ukingoni mwa jimbo la Nova Scotia, walikutanika wakaulizana ni jambo gani hasa walilokuwa nalo wao la kushangilia. Hawakuuliza kwa utovu wa shukrani. Nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari ya Atlantiki ziliibuka pwani karibu na mji wao, na habari za biashara baina ya Ulaya na Marekani zilipita kila siku mbele ya milango yao. Lakini katika utajiri wote uliotajwa ndani ya nyaya zile hakuna hata chembe iliyoshuka njiani ikaingia nyumba ya mvuvi.

Sababu yenyewe haikuwa uvivu wala uchache wa samaki. Tajiri aliyenunua samaki ndiye pia aliyekopesha nyavu, chumvi, unga na nguo, na bei ya vitu hivyo, kama bei ya samaki, aliipanga yeye peke yake. Hata msimu ulipokwisha na daftari likafunuliwa, mvuvi alikuta kwamba jasho lake la miezi yote limelipa sehemu tu ya deni, na kwamba hana budi kukopa tena ili watoto wake wauvuke msimu wa baridi. Wako waliozeeka katika kazi ile bila ya kushika fedha taslimu ila mara chache. Msomaji wa pwani yetu, aliyepata kuona mvuvi akifungwa na mkopo wa mwenye mtaji, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Padri wa Canso wakati huo alikuwa James Tompkins, na kuwako kwake mahali pale kulikuwa na kisa chake. Alikuwa amepata kuwa makamu wa mkuu wa Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier katika mji wa Antigonish, akaitoa mwaka 1921 risala ya kudai kwamba elimu ni haki ya umma wote, wala si anasa ya wachache, na mwaka huohuo chuo kikafungua milango yake kwa wakulima na wafanyakazi wasio na cheti chochote, wakakaa majuma kadhaa wakisomeshwa hesabu, kilimo na uchumi. Kisha akaunga mkono shauri la kuviunganisha vyuo vya eneo lile viwe chuo kikuu kimoja mjini Halifax kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie. Askofu James Morrison akalikataa, na mwishoni mwa mwaka 1922 msomi huyu akajikuta amepewa parokia ya wavuvi mafukara mbali na maktaba yake. Uhamisho ule ulikuwa adhabu, ingawa haukupewa jina hilo, na sidhani kama Kanisa limepata kuadhibu kwa faida kubwa kuliko ile.

Watu wa Canso walikuwa watu wa ibada. Walihudhuria misa, walibatiza watoto, walizika wafu wao kwa taadhima, na majumbani familia zilipiga magoti jioni kusali rozari kama walivyofanya babu zao waliohamia huko kutoka Scotland na Ireland. Basi mtu anaweza kuuliza, na wengi wameuliza kwa kejeli, kama sala inaondoa ufukara, mbona ufukara ulikaa katika nyumba zile miaka mia na zaidi? Jibu la Tompkins, kwa jinsi ninavyoyasoma matendo yake, ni kwamba mwenye kumwomba Mungu riziki ya kila siku, kisha asijue bei ya samaki wake inapangwa wapi na nani, ameiacha nusu ya dua yake bila kutimiza wajibu wake. Hakupenda sadaka za nguo kuukuu. Alishuka gatini na vijitabu mifukoni, mtu mdogo wa umbo, asiyetulia, mwenye maswali yasiyokwisha, akamwuliza huyu kwa nini anauza kwa bei ile, na yule kwa nini hana ng'ombe, akaondoka bila ya kuwapa jibu. Kwa hakika aliwachosha watu.

Katika kitongoji cha Little Dover, kilichokuwa maskini hata kuliko Canso, maswali hayo yalizaa matunda kwanza. Wavuvi waliingia msituni wakakata miti wenyewe, wakakopa fedha kidogo, wakajenga kwa mikono yao kiwanda cha kutia kambakoche mikebeni, nao wakaanza kuuza bila ya kupitia kwa mlanguzi. Ardhi yao ilikuwa mwamba mtupu usioweza kulisha ng'ombe, kwa hiyo wakaleta mbuzi wa maziwa. Mambo madogo haya. Lakini mtu aliyekuwa hajapata kupanga bei ya kitu chochote maishani mwake, akishapanga bei ya mkebe mmoja, huwa si mtu yuleyule.

Kelele za wavuvi na mapadri wao ziliifikia serikali, ikateua tume ya kifalme chini ya Jaji MacLean kuchunguza hali ya uvuvi. Mbele ya tume hiyo alitoa ushahidi padri mwingine, Moses Coady, jamaa yake Tompkins, mzaliwa wa bonde lilelile la Margaree, lakini kinyume chake kwa umbo: mrefu, mpana, mwenye sauti ya kuzijaza kumbi bila taabu. Tume ilishauri wavuvi wajiunge katika vyama vya ushirika, Coady akatumwa kuzunguka pwani yote akiwahimiza, na mwaka 1930 chama cha umoja wa wavuvi wa majimbo ya pwani kikaundwa. Chuo cha Antigonish nacho kilikuwa kimekubali mwaka 1928 kuanzisha idara ya kupeleka elimu vijijini, nayo ikawekwa mikononi mwa Coady.

Njia ya idara ile yafaa ielezwe kwa kirefu, maana hapo ndipo ilipo siri ya kazi nzima. Kwanza uliitishwa mkutano wa hadhara, mara nyingi katika ukumbi wa parokia, na Coady au msaidizi wake A. B. MacDonald akasema maneno ya kuwaamsha watu, hata ya kuwaudhi. Kisha watu waligawanyika makundi madogo ya majirani, wakakutana jikoni mwa mmoja wao usiku wa baridi, wakasoma vijitabu na kujadili jambo moja tu: namna ya kuuza maziwa, au namna ya kuendesha duka la ushirika, au sababu ya riba kuwa kubwa. Aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Masista wa Mtakatifu Martha walitayarisha vitabu na kuwaongoza wanawake katika masomo yao. Kabla ya muongo ule kwisha makundi hayo yalihesabika kwa mamia mengi, na ndani yake walikuwamo Waprotestanti pia, kwa kuwa Coady alisisitiza kwamba hakuna njia ya Kikatoliki ya kukamata samaki.

Kutokana na makundi hayo vikazaliwa vyama vya kuweka na kukopa. Asili yake haikuwa Nova Scotia. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya Mprotestanti mcha Mungu katika vijiji vya Ujerumani, alianza na chama cha kuwapatia wenye njaa mkate katika dhiki ya mwaka 1846 na 1847, akaishia na vyama vya mikopo vya wakulima. Alphonse Desjardins akaanzisha chama kama hicho mjini Lévis, Quebec, mwaka 1900, akivieneza kwa msaada wa mapadri kutoka parokia hata parokia. Nova Scotia ilipitisha sheria yake mwaka 1932. Parokia ilifaa kwa jambo hili kwa sababu ambayo mabenki hayakuiona: maskini hana shamba wala nyumba ya kuweka rehani, ila anayo sifa, na sifa haina thamani ila mbele ya watu wanaomjua. Watu waliosali pamoja tangu utotoni walijua nani mlevi, nani mkweli, nani alilipa deni la marehemu baba yake bila kudaiwa. Kamati ya mikopo ilikaa na maarifa hayo, na mkopaji akajua kwamba fedha aliyoichukua si ya tajiri wa mbali, bali ni ya mjane anayeketi nyuma yake kanisani. Haya ilifanya kazi ya dhamana. Nakiri kwamba haya hiyohiyo huweza kuwa mzigo, na mwenye jina baya kijijini, kwa haki au kwa fitina, hakuwa na mahali pa kukata rufaa.

Mwaka 1935 Tompkins alihamishiwa Reserve Mines, mji wa wachimba makaa ya mawe, akaigeuza sehemu ya nyumba ya padri kuwa maktaba. Wachimbaji waliokuwa wakipanga vibanda vibovu walianza kujisomesha ujenzi na sheria za ardhi, wakisaidiwa na Mary Arnold, mtaalamu wa ushirika kutoka New York. Na baada ya masomo marefu familia 11 zikajijengea nyumba zao, na mtaa ukaitwa Tompkinsville.

Ingekuwa hadaa kusema kwamba ufukara ulikomeshwa. Vijana waliendelea kuhama kwenda Boston na miji mingine, makampuni makubwa ya uvuvi yalileta meli ambazo ushirika haukuweza kushindana nazo, na samaki waitwao kodi (cod), waliokuwa tegemeo la pwani ile kwa karne nyingi, walipungua mpaka serikali ikaufunga uvuvi wake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hakuna kundi la jikoni lililoweza kuvirudisha baharini viumbe vilivyokwisha kuvuliwa.

Lakini njia ilikwisha kusafiri. Mjesuiti Marion Ganey aliipeleka Belize, kisha Fiji katika mwaka 1953. Katika mwaka 1955 Padri John McNulty, mmisionari wa shirika la White Fathers, alianzisha Jirapa, kaskazini mwa Ghana, chama kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake katika Afrika. Coady alifariki mwaka 1959, na mwaka huohuo chuo cha kimataifa chenye jina lake kikafunguliwa Antigonish, ambacho wanafunzi wake wametoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na Afrika Mashariki haikukosa kupeleka wake. Karibu na Mwanza, Kanisa Katoliki lilianzisha mwaka 1960 kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi, ambacho baadaye kilikua kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino.

Leo neno SACCOS, yaani chama cha kuweka na kukopa, halimshangazi mtu katika nchi zetu, na katika parokia na sharika nyingi tangazo la mkutano wake husomwa baada ya ibada, kati ya ndoa za mwezi ujao na zamu ya usafi. Viongozi wake huchaguliwa na wanachama, kila mtu kura moja, awe na hisa moja au mia; na padri akitaka mkopo hujaza fomu kama mwanachama mwingine yeyote, akangoja kamati ikae.