"Si" ya kukana na "si" ya kukubali
"Huyu si mwalimu" ni kukanusha. Mwitaliano na Mhispania wakitamka "si" wamekubali. Ni "ndiyo" yao, kutokana na "sic" ya Kilatini, yaani "hivyo". Mfaransa huitumia kwa sharti, kama "ikiwa" yetu, na pia kupinga swali la ukanushi: ukimuuliza "Hujala?" naye amekula, hujibu "si". Katika mji wa Lubumbashi, Kongo, ambako Kiswahili na Kifaransa vinaishi pamoja, "si" za lugha hizo mbili hukutana kila siku.

Wapo wanaoona sauti zikifanana wakadai undugu kati ya Kiswahili na lugha hizo za Ulaya. Hoja hiyo haisimami. Silabi za konsonanti moja na irabu moja ni chache, kwa hiyo kugongana hakuepukiki. Undugu huthibitishwa na mifanano inayofuata kanuni, kama "tatu" yetu, "satu" ya Kiganda na "thathu" ya Kizulu. Wengine watasema "si" ya Kiswahili, angalau, ina kazi moja tu ya kukana. Hapana! "Si nilikwambia?" inathibitisha, tena kwa nguvu, na maana hiyo hutokana na sentensi nzima. Walimu, msiwafundishe watoto kwamba "si" ni kikanushi mkaishia hapo.