Chumvi ya barabarani njo inakula kromu: namna ya kulinda mapambo ya motokari wakati wa theluji

Kwa Mkongomani aliyefika Montreal na kununua motokari yake ya kwanza, theluji ya kwanza ni somo la bei kali. Mwezi wa kumi na moja parshoki na grili zinang'aa kama kioo. Mwezi wa ine, theluji ikiisha, kromu imejaa madoadoa ya kahawia, na pengine imevimba kama ngozi iliyoungua. Wengi wanalaumu baridi, lakini anayekula kromu ni chumvi.

Kule Quebec, sawa na kaskazini ya Marekani, malori hupita yakimwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke na watu wasiteleze. Ni chumvi ya namna ile ile ya jikoni, tu haikusafishwa. Inasaidia hadi karibu digrii 10 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, mara nyingi wanaongeza kloridi ya kalsiamu ao ya magnesiamu. Hizi mbili njo mbaya zaidi kwa mwenye motokari, juu zinavuta maji kutoka hewani. Barabara inaweza kuonekana kavu, kumbe ule uchafu mweupe uliogandamana kwenye milango ungali na unyevu, na unaendelea na kazi yake usiku na mchana.

Kromu yenyewe haioti kutu. Shida ni wembamba wake: kwa kawaida haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake kuna nikeli, na chini ya nikeli kuna chuma, ao plastiki kwa motokari nyingi za siku hizi. Kromu ina vitundu na nyufa ambazo jicho halioni. Maji ya chumvi yanapenya humo, yanakula nikeli, na yakifika kwenye chuma, kutu inatoka nje. Kwenye plastiki hakuna kutu, ila ganda linavimba na kubambuka. Likisha kuvimba, hakuna dawa ya dukani inayolirudisha. Ni kubadilisha kipande kizima ao kukipeleka kwa mafundi wa kupaka kromu upya, na bei yao si ya mchezo.

Basi kazi kubwa inafanyika mbele ya theluji. Motokari ioshwe kwa sabuni ya motokari, ikaushwe hata kwenye pembe za nembo, kisha kromu ipakwe nta mara mbili, ya kwanza ikauke ndipo ya pili ifuate. Sabuni ya kuoshea sahani haifai, inaondoa nta. Kama kutu ndogo imekwisha anza kwenye parshoki ya chuma, karatasi ya aluminiamu ya jikoni, ikikunjwa na kulowanishwa maji, inaitoa vizuri. Aluminiamu ni laini kuliko kromu. Kwenye plastiki na kwenye dhahabu, hapana kabisa.

Theluji ikisha kuanguka, kuosha kusingoje hadi mwisho wa baridi. Siku yoyote joto linapopanda juu ya sifuri ni siku ya kupiga maji, kuanzia chini ya motokari. Maji ya moto juu ya barafu hapana, yanaweza kupasua kioo. Kikwaruzo cha barafu kibaki kwenye vioo.

Kuna kosa ambalo hata wenyeji wa kule wanafanya: kuingiza motokari yenye chumvi ndani ya garaji yenye joto. Inaonekana kama kuitunza, kumbe joto linaharakisha kutu. Nje, kwenye digrii 15 chini ya sifuri, chumvi inafanya kazi polepole sana. Mwenye garaji ya namna hiyo aoshe kwanza. Turubai pia inafungia unyevu ndani.

Dhahabu ina tabia yake. Miaka ya 1990, Lexus na Toyota nyingi za Marekani zilifungwa nembo za rangi ya dhahabu, na zingine zingali barabarani. Dhahabu ya kweli haishiki kutu, lakini ni laini, na dawa za kung'arisha kromu mara nyingi zina mchanga mwembamba unaoifuta. Ikikwaruzwa, chuma cha chini kinaliwa mbio zaidi, juu dhahabu, chuma na maji ya chumvi vinafanya kama betri. Inatosha maji, sabuni isiyo kali, kitambaa laini na nta isiyo na mchanga. Na ile mistari inayong'aa kwenye madirisha ya motokari nyingi za Ulaya si kromu, ni aluminiamu. Sabuni kali za mashine za kuoshea zinaiachia madoa meupe yasiyotoka.

Habari hii inamgusa pia aliye Lubumbashi ao Bukavu na hajaona theluji maishani. Motokari nyingi zinazouzwa huku zilitumika kwanza Ulaya ao Japani, na sehemu nyingi za kule wanamwaga chumvi hiyo hiyo. Muuzaji anaweza kupaka rangi mupya, lakini kromu iliyovimba inamtoboa siri. Ukiiona, usitoe dola hata moja mbele ya kulala chini na tochi kuangalia mabomba ya breki. Chumvi iliyokula nembo ilipita na huko, na bomba la breki lililooza linapasuka siku mguu unapokanyaga kwa nguvu.