Helikonia: ua refu la bustani za Kigobe na msimu wa harusi

Helikonia ni mmea wa kudumu wenye asili ya maeneo ya joto ya bara la Amerika. Majani yake hufanana na ya mgomba, na kwa muda mrefu wataalamu wa mimea waliuweka katika jamii moja na mgomba. Sehemu nyekundu na njano zinazovutia macho si maua hasa, bali ni majani yaliyobadilika umbo. Maua yenyewe ni madogo na hujificha ndani yake.

Kigobe, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura lilipo jengo la Bunge la Taifa, uko katika tambarare ya Imbo, mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto la huko huufaa mmea huu, tofauti na Mugamba, ambako baridi ya milimani huudhoofisha. Tatizo ni ukame wa Juni hadi Agosti, miezi ile ile ambayo harusi ni nyingi na maua hutafutwa zaidi. Kwa hiyo hupandwa mvua zinapoanza, Septemba au Oktoba, ili mizizi iwe imeshika kabla ya kiangazi.

Kinachopandwa ni kipande cha shina la chini ya ardhi, mithili ya tangawizi, chenye chipukizi. Hufukiwa kina cha sentimita 10 hivi, penye samadi na pasipotuama maji. Heliconia psittacorum, yenye kimo cha mita moja hadi moja na nusu, huchanua baada ya miezi michache. Heliconia rostrata hupita mita mbili na huweza kuchukua mwaka au zaidi, lakini mashada yake huning'inia, na hilo ni jambo jema karibu na nyumba: aina zenye vikombe vinavyotazama juu hukusanya maji ya mvua, na mbu wanaweza kuzaliana humo.

Wakati wa kiangazi shina hufunikwa kwa majani makavu na kumwagiliwa jioni. Maji yaliyosuuzia mboga hayaudhuru.

Mwenye migomba tayari anajua nusu ya kazi ya kukata. Kila shina huchanua mara moja tu, kisha hufa. Hivyo hukatwa karibu na ardhi, asubuhi, na machipukizi huachwa. Ua likatwe likiwa limekwisha kufunguka kwa kiasi kinachotakiwa, kwani baada ya hapo halifunguki tena. Litiwe majini mara moja, wala lisiwekwe kwenye friji, maana baridi hulifanya jeusi. Likitunzwa hivyo, hudumu juma moja au zaidi.