Bima ya afya ya wafanyakazi na wastaafu, Eldoret

Bima ya afya ya wafanyakazi na wastaafu mjini Eldoret, Kaunti ya Uasin Gishu nchini Kenya, hutegemea makato ya mishahara na bima za ziada zinazolipiwa na waajiri.

Historia. Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali (NHIF) ilianzishwa mwaka 1966. Kuanzia 2015, mfanyakazi alikatwa kati ya shilingi 150 na 1,700 kwa mwezi. Oktoba 2024 nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), inayotoza asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato. Kiwango cha chini ni shilingi 300. Cha juu hakina kikomo.

Makato. Anayelipwa shilingi 20,000 alipata nafuu, kutoka 750 hadi 550. Wa 50,000 alipanda kutoka 1,200 hadi 1,375, na wa 100,000 kutoka 1,700 hadi 2,750. Sheria haimtaki mwajiri achangie sehemu yake.

Wastaafu. Bima ya mwajiri kwa kawaida hukoma ajira inapokwisha, wakati ambapo kisukari na shinikizo la damu huandama wengi. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato ya kaya na kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Bima binafsi hupanda bei kadiri umri unavyosonga. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, iliyoanzishwa mwaka 1917, huwahudumia wagonjwa wa Eldoret na magharibi mwa Kenya, na kwa mstaafu asiye na bima gharama za matibabu ya muda mrefu ni mzigo mzito.